Nguzo ya Sita ya Chamsudine

Mtaa wa Sokoni, Palma,
Kabo Delgado.
14 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Chamsudine,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Tanga, wewe na wifi yangu Fatima na watoto, na kwamba ule mgongo uliokusumbua Ramadhani yote umeanza kukuachia. Je, ile dawa ya kuchua niliyokupelekea unaipaka, au umeipandisha juu ya kabati pamoja na ile ya mwaka jana? Paka, baba. Dawa haifanyi kazi kwa kutazamwa.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mvua zimekoma, na mihogo yetu ya kule shambani Mute imetoka vizuri, ingawa nguruwe mwitu wamekula upande mmoja wa shamba na upande wa pili wametuachia kwa huruma yao. Jicho langu la kushoto bado linatoa machozi nikisoma sana, lakini kila alasiri nafundisha wasichana wangu chuoni kama kawaida. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue ni jicho. Palipokolea wino sana ni hasira.

Ndiyo, nina hasira. Nimekusalimu vizuri kwa sababu marehemu baba alitufundisha kwamba barua isiyo na salamu ni ya serikali. Sasa salamu nimezitoa, kaa kitako unisikilize.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu huongeleki. Nikianza neno unalimalizia wewe, tena unalimalizia vibaya. Nikinyamaza kuvuta pumzi unasema rede ya simu imekatika. Halafu jioni unatuma audio ndefu, yenye utangulizi na hitimisho kama hotuba ya Ijumaa, inamaliza mega zote za simu ya mtoto Laila. Karatasi huwezi kuikatiza. Anayeileta ni Tarique, yule mchuuzi wa pweza wakavu, atavuka nayo Ruvuma mpaka Mtwara na kuikabidhi kwa watu wa basi.

Jambo lenyewe unalijua, lakini nitaliandika lote ili usije ukasema hukuelezwa. Laila, binti wa marehemu ndugu yetu Ossufo, ameposwa na Sualehe, mwashi, kijana wa Mueda. Laila amemtaka, mama yake amemkubali, mimi nimeridhika. Baba yake hayupo, babu hayupo, kaka hakujaaliwa. Walii wake ni wewe. Tulikuomba kitu kimoja tu, umpe uwakala Shehe Amade wa msikiti wetu, afungishe ndoa kwa niaba yako baada ya Idi ya kuchinja. Ni kauli fupi mbele ya mashahidi wawili, hata mtoto wa chuo angeimudu.

Wewe ukajibu hapana. Ukasema kijana ni Muislamu wa juzi, mama yake ni Mkristo wa bara, na sisi ni ukoo uliokuja na dini kutoka Shirazi. Audio hiyo imesikilizwa na mtaa mzima, maana Laila aliifungua uani akidhani ni salamu.

Chamsudine, umenichosha. Umenichosha roho na mwili.

Mimi nawafundisha watoto wa watu nguzo za Uislamu tangu sijaota mvi. Shahada, swala, zaka, funga, na hija kwa mwenye uwezo. Juzi baada ya audio yako nilizirudia kwa vidole, nikidhani pengine uzee umeniibia moja. Zilikuwa tano vilevile. Nikaenda kwenye nguzo za imani, nikamtaja Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho na kudra, heri yake na shari yake. Babu hayumo. Ni wewe peke yako uliyesimamisha nguzo ya sita ya Uislamu, ukampandisha babu wa Shirazi juu yake, na sasa unataka Sualehe aikumbatie ndipo umpe mke.

Tena si kwamba kijana hajajitahidi kukufurahisha. Shahada yake ya kwanza aliitoa Mueda, katika msikiti mdogo wa soko, kabla hata Laila hajamtupia jicho la pili. Alipohamia hapa kwa kazi za ujenzi, wazee wetu wakasema hawakuwepo, hawawezi kushuhudia wasichokiona, basi akatoa tena Ijumaa mbele ya safu zote. Nawe ukatuma neno kwamba hiyo nayo haitoshi, atoe mara ya tatu mbele ya watu wanaojulikana. Wanaojulikana na nani? Mwenyezi Mungu alikuwepo mara zote mbili. Nilikuwa tayari kukupigia simu nikutukane, lakini Sualehe mwenyewe akanituliza. Alisema, “Shangazi, kwani ni adhabu? Mbona naisema kila swala. Nitamwambia hata kesho, na keshokutwa.” Basi nikabaki na matusi yangu mdomoni, hayana pa kwenda.

Hebu turudi mwanzo kabisa, kama baba alivyokuwa akituanzishia pale kwenye mkeka, wewe ukisinzia na mimi nikikufinya. Makka kulikuwa na Waislamu wangapi kabla ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kuteremka kutoka pangoni akitetemeka? Aliyemfunika nguo na kumwamini wa kwanza alikuwa mkewe, bibi Khadija. Huyo hakuwa hata Muislamu wa juzi. Alikuwa Muislamu wa saa ileile. Akafuata Ali, bado mdogo. Akafuata Abubakari. Akafuata Bilali, Mhabeshi, mtumwa wa watu, akawekewa jiwe kifuani juani na hakusema ila Mmoja, Mmoja. Akaja Suhaibu waliyemwita Mrumi. Baadaye kule Madina akaja Salmani kutoka Ufarsi, ambaye baba yake alikuwa mlinzi wa moto unaoabudiwa. Na Omari je? Omari alitoka nyumbani na upanga kwenda kumuua Mtume, akageuka njiani.

Wote hao waliposilimu wazazi wao hawakuwa Waislamu. Wengi wao baba zao walikufa wakisujudia mawe. Ungekuwepo wewe Makka na Madina wakati ule, na audio zako, ungewanyima binti zako mmoja baada ya mwingine. Masahaba wa Mtume wangezeeka makapera kwa sababu ya Chamsudine wa Palma.

Na usiniletee sekufu, maana najua ndiko unakokimbilia. Sheria hiyo tumeisoma pamoja, na kwa baba yuleyule. Wanachuoni wetu wamezungumza habari za kulingana, sikatai, hata nasaba wameitaja. Lakini wamesema pia kwamba hiyo ni haki ya mwanamke na ya walii wake, na wakiridhia wote wawili hakuna wa kuwazuia. Laila karidhia. Sasa niambie nani amebaki, kama si wewe na kichwa chako kigumu? Mtume katika hija yake ya kuaga aliwaambia watu kwamba Mwarabu hamzidi asiye Mwarabu ila kwa uchamungu. Mshirazi hakutajwa kabisa, na Mpalma ndiyo usiseme.

Nikifika hapa damu inanichemka zaidi, kwa hiyo niliweka kalamu nikaenda kumenya mihogo. Nimerudi.

Fatima alinitumia video ya maulidi ya mwaka jana, pale msikitini kwenu, Mfungo Sita. Umesimama katikati, kanzu nyeupe, unasimulia hijra ya kwanza. Unasimulia vizuri, sikunyimi sifa yako, sauti ya baba umeichukua wewe. Ulieleza jinsi Waislamu wachache walivyoteswa Makka mpaka Mtume akawaambia wavuke bahari waende Habasha, kuna mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Ulieleza kwamba mfalme huyo, Najashi, alikuwa Mkristo. Maquraishi wakamfuata na zawadi wakitaka warudishiwe watu wao. Yeye akasema hawatoi kabla hajawasikia. Jaafari, msemaji wa Waislamu, akasimama, akamweleza walivyokuwa wakila mizoga na kuwaonea wanyonge, na jinsi Mtume alivyowafundisha kumwabudu Mungu mmoja, kusema kweli na kumtazama jirani. Kisha akamsomea aya za Bibi Mariamu. Mfalme akalia mpaka ndevu zikalowa. Na wewe ukalia pale mbele ya watu mpaka kanzu ikalowa kifuani, watoto wakakuletea leso.

Uliwalilia akina nani, Chamsudine? Watu wa Habasha tu, kwa kuwa wako mbali na hawakuombi binti?

Sisi Habasha yetu tumeiona. Mwaka ule wa vita, Palma ilipoingiliwa na waasi, wewe ulikuwa Tanga ukitupigia simu zisizoingia. Mimi na mama, na Laila na mama yake, tulipita porini mpaka Nangade, na kutoka Nangade tukapakiwa kwenye lori mpaka Mueda. Mama hakuwa na viatu. Tulikaa barazani kwa watu, mvua inanyesha, tukitazamana. Akapita mwanamke na ndoo kichwani, akatutazama, akaenda, akarudi bila ndoo. Huyo ndiye Benvinda, mama yake Sualehe. Hakutuuliza babu yetu katoka wapi. Alituuliza kama yule mzee anaweza kutembea.

Kwake tulikaa mvua nzima na kiangazi chake. Sikiliza hili, maana sijawahi kukuandikia. Siku ya pili aliona hatuli. Mama alikuwa akichovya kidole na kukirudisha. Benvinda akaelewa kabla hatujasema, maana wao nguruwe pori wanakula, na sufuria zake zimepika kila kitu. Hakukasirika. Alikwenda sokoni, akarudi na vyungu vipya vya udongo na mwiko mpya, akavikabidhi kwa mama mkononi, akasema, “Hivi vya kwako, mama. Mie sivigusi, na watoto nitawapiga wakivigusa.” Akamwambia mumewe nyama ya porini isiingie uani mpaka wageni waondoke. Kuku akitaka kuchinjwa, alimtuma mtu kwa mfanyabiashara Muislamu, huko ng'ambo ya soko, akachinjwe kwa bismillahi. Mwanamke wa Kanisa, mwenye rozari ukutani, alitulindia halali yetu kuliko baadhi ya jamaa zako.

Mama akawa anaswali uani, karibu na banda la kuku, amekaa kwenye kigoda kwa sababu ya magoti. Watu wa nyumba ile wakizungumza kwa sauti, Benvinda anawanyamazisha mpaka mama atoe salamu. Hivyo ndivyo Sualehe alivyouona Uislamu kwa mara ya kwanza, wakati huo bado anaitwa Luís. Hakuhubiriwa. Alimwona bibi kizee aliyepoteza kila kitu anamshukuru Mungu mara tano kwa siku kwenye uga wa watu. Baada ya sisi kurudi Palma ndipo alipokwenda mwenyewe msikitini kuuliza. Wewe unasema amesilimu kwa ajili ya msichana. Kama kuna mwanamke aliyemsilimisha, ni mama yetu.

Sasa nikuambie ulichokifanya siku ya posa, maana ulisikia upande wako tu.

Benvinda alitoka Mueda na shemeji yake na kinamama wawili, wamejifunga vitenge vya kapulana vipya vya sare. Sisi tumepika samaki wa nazi na wali, wasichana wamejipaka urembo mweupe wa msiro usoni, furaha tele. Wewe ukataka uwekwe kwenye simu, sauti kubwa, ili ushiriki. Tukakuweka juu ya meza katikati ya sahani. Badala ya kusema karibuni, ukaanza kuuliza dini ya babu yake bwana harusi, na babu wa babu. Benvinda alikujibu kwa adabu. Alisema, “Mano, ndugu yangu, mie babu zangu walikuwa wakiomba mizimu, kisha wakaja mapadri. Dini yenu siijui. Namjua mama yako. Alikuwa akiswali kwangu, akimaliza ananiombea na mie. Sasa wataka nini tena?” Hapo rede ikakatika kweli, na wewe ukaeneza kwamba umetukanwa. Hakuna aliyekutukana. Uliulizwa swali, na mpaka leo hujalijibu.

Lakini hilo si baya zaidi. Chakula kilipoletwa, Benvinda alifungua mkoba wake akatoa sahani. Sahani yake mwenyewe, ya bati, kaifunga kwenye kitambaa, na kijiko chake. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amekuja nayo ili asitutie unajisi kwenye vyombo, maana kasikia kwamba shehe wa Tanga ana mashaka na watu wa kwake. Mwanamke aliyetununulia vyungu vipya sisi wakimbizi, anakaa uani kwetu na sahani ya kwake mapajani.

Niliona aibu, Chamsudine, aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nilichukua ile sahani yake, nikapakua wali humo, samaki humo, nikakaa naye kwenye mkeka tukala pamoja, mkono wangu na mkono wake. Sahani imeoshwa, ni safi, na hata sheria unaijua. Wazee walitazama pembeni. Shehe Amade, Mungu amweke, alisogea akamega tonge na yeye. Benvinda alikula kidogo, machozi yanamtoka, akasingizia pilipili ambayo haikuwemo.

Unaona tabu Mkristo kuwa mkwe wetu. Bibi Ummu Habiba, mama wa waumini, aliolewa na Mtume akiwa kulekule Habasha, mjane, mkimbizi. Bwana harusi yuko Madina, ng'ambo ya bahari. Najashi ndiye aliyesimama kwa niaba ya Mtume, na mtu wa ukoo wa bibi harusi akasimama kwa niaba yake, ndoa ikafungwa kwa uwakala, na hapakuwa na simu wala mega. Na baba wa bibi harusi je? Abu Sufyani, ambaye siku hizo alikuwa bado anaongoza vita dhidi ya Waislamu. Mtume hakusema huyu baba mkwe simtaki. Benvinda hajampiga vita mtu. Silaha yake ni mwiko, nao alitupa sisi.

Na kwa kuwa babu wa Shirazi humtoi mdomoni, tumzungumze na yeye. Tuseme alikuja kweli, kama baba alivyosimulia, na bidhaa zake na msahafu wake. Sikatai. Dini kwenye pwani hii ililetwa na wafanyabiashara, haikuletwa na majeshi. Walikaa, wakafanya biashara kwa uaminifu, watu wakawatazama mpaka wakapenda. Lakini huyo babu alikuja peke yake. Hakuleta mke kwenye mzigo. Alimwoa nani? Alimwoa msichana wa hapa, ambaye wajomba zake hawakujua kuelekea Kibla, na hao wajomba wakampa mgeni ardhi ya kujenga na binti wa kuzaa naye. Mjomba mmoja tu angekaza shingo akasema huyu mgeni dini yake ya juzi na babu zake hatuwajui, leo kusingekuwa na Ossufo, wala mimi, wala wewe wa kutuma audio. Hivi hilo halikukujia hata siku moja, na kusoma kwako kote?

Sasa hali ya hapa. Fundi wa nguo alipokuja kumpima Laila gauni, Laila alimrudisha mlangoni. Shehe Amade ameniambia faraghani kwamba walii akikataa bila sababu ya sheria, uwalii unaweza kuhamia kwa hakimu, na yeye yuko tayari kutuandalia. Nilifurahi, nikamkimbilia Laila. Akakataa. Anasema baba yake alikufa na wewe ndiye umebaki mwenye sauti yake, na hataki kutoka nyumbani kwa kurushwa juu ya kichwa chako. Unaona mtoto anavyokuheshimu, na wewe unavyoitumia heshima hiyo kumfungia mlango.

Sualehe naye amesema hatakaa hapa kuugombanisha ukoo. Ikifika Idi bila kauli yako atarudi Mueda, na Laila ataachiwa aolewe na anayekupendeza wewe. Hajasema kwa hasira. Amemaliza kuezeka chumba cha nyuma alichokuwa akikijenga kwa ajili yao, akaniachia mimi ufunguo. Nikiuona hapo dirishani natamani kupiga kelele.

Msalimie Fatima sana, mwambie ile mbegu ya bamia aliyonipa imeota yote. Wasalimie watoto mmoja mmoja, na msalimie jirani yenu Wahid anayekusomea barua unapopoteza miwani. Mama Laila yuko Mute shambani anakusalimia, ingawa alisema nisiandike hivyo.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapa. Sualehe alinikataza nisikueleze yanayofuata. Alisema, “Shangazi, nataka anikubali kwa dini yangu. Asinikubali kwa jembe.” Nimemsikiliza tangu siku ya posa mpaka leo. Basi. Yeye ana adabu, na mimi sina subira iliyobaki.

Mama alipofariki kule Mueda, wewe uliambiwa kwa simu kwamba amezikwa vizuri, Kiislamu, na ndivyo ilivyokuwa. Ulidhani ni vijana wa msikiti. Ilikuwa mvua kubwa, waliofika kuswalia walikuwa wakimbizi wachache kama sisi, wazee watupu. Mimi na Laila tulimwosha. Benvinda akatoa mahali shambani kwake. Aliyechimba ni mwanawe, Luís, tangu alfajiri, matope mpaka kiunoni, na nilipomweleza habari ya mwanandani alishuka tena akauchonga ubavuni kama alivyoelekezwa. Tulipotaka kumlaza hatukuwa na uhakika wa Kibla, mawingu yameziba kila kitu, wazee wakaanza kubishana. Luís akainua mkono wenye matope akaonyesha ng'ambo ya bonde. Alisema, “Bibi alikuwa akitazama kule, kwenye antena ya simu. Kila siku. Nilikuwa nikimwangalia.” Tukamlaza mama anatazama huko. Baadaye Shehe Amade alikwenda kuzuru akapima kwa dira yake, akasema ni sawasawa.

Na kila Shabani kaburi hufyekwa, na wewe huletewa picha. Kila Shabani unarudisha audio ileile, nayo ndiyo audio yako pekee iliyo fupi. Unasema, “Mwambieni huyo kijana wa Mueda anayemtunza mama kwamba namwombea. Mwenyezi Mungu amlipe, ampe riziki ya halali, amjaalie na mke mwema.” Hukuuliza jina lake hata mara moja. Laila ndiye humfungulia aisikie, naye huitikia amina, kisha huinama kutafuta kitu chini ambacho hakikuanguka.

Ni huyohuyo, Chamsudine. Dua yako imepokelewa, mke mwema amepatikana, na sasa Mwenyezi Mungu anamsubiri walii wa Laila.

Mungu akuponye mgongo, akuzidishie elimu yenye manufaa, na aulainishe ulimi wako kwa kauli moja kabla ya Idi. Ukiisema, mimi na Benvinda tutaitikia amina kwa pamoja, tukila sahani moja.

Wako akupendaye, hata ukinichosha hivi,
Dada yako,
Wahida